Nimeitua kamera, sasa mwekezaji anazitaka nyuso nilizozipiga

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 43, nina mume na binti wa miaka 11. Kwa miaka 17 nimekula kwa kamera. Miaka 9 ya mwanzo nilikuwa mwajiriwa wa gazeti, 8 iliyofuata nikawa wa kujitegemea, nauza picha kwa mashirika ya habari. Nimepiga chaguzi, mafuriko, kambi za wakimbizi, na vita viwili ambavyo nikivitaja walionizoea watanijua. Miaka 3 iliyopita niliitua kamera nikafungua kampuni ya teknolojia. Nakuandikia kwa sababu nimebakiwa na wiki 3 za kutoa jibu, na usingizi umenikimbia.

Nianze na picha yenyewe. Usiku mmoja mto ulivunja kingo zake. Asubuhi nikamkuta bibi amekaa juu ya godoro lililolowa, ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Alikuwa halii. Nikachuchumaa, nikaomba ruhusa. Akaniangalia muda mrefu, halafu akauliza, "Mwanangu, uso wangu unaupeleka wapi?" Nikamwambia gazetini, ili watu wajue. "Watu gani?" Nikasema watu wenye moyo. Akasema haya, piga.

Miaka 4 baadaye nikamwona tena, mtandaoni. Picha ile ile, kiatu kile kile, ila maelezo ya chini yanasema ni mama aliyechomewa nyumba na watu wa kabila fulani, katika nchi ambayo bibi yule hajawahi kuikanyaga. Watu walikuwa wanatukanana pale kwa maelfu. Faili halisi ninayo, tarehe ninayo, daftari lenye jina lake kwa mwandiko wangu ninalo. Nilikanusha mpaka nikachoka. Kila nilipoziba huku, picha ikachomoza kule.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Mimi na kijana mmoja fundi wa programu za kompyuta tukaanza kutengeneza programu inayotia saini ya kidijitali kwenye picha pale pale inapopigwa: imepigwa lini, wapi, kwa kifaa gani, na baadaye imeguswa na nani. Si sisi tulioanza. Kiwango cha pamoja cha kazi hii kinaandaliwa na muungano uitwao C2PA, ulioundwa 2021, na mwaka 2023 Leica walitoa M11-P, kamera ya kwanza inayotia saini hiyo yenyewe. Sisi tumechukua upande wa simu na wa vyumba vya habari vidogo visivyoweza kununua kamera za namna hiyo.

Nisikudanganye kwamba niliondoka kwa ajili ya bibi tu. Mwaka 2013 gazeti la Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapigapicha wake wote 28 kwa mpigo, hata John H. White mwenye tuzo ya Pulitzer. Mhariri wetu aliichapa habari hiyo akaibandika ukutani kwa utani. Mwaka uliofuata dawati letu likapunguzwa kutoka watu 7 hadi 2, na mimi nikawa miongoni mwa 5 waliocheka utani ule bila kujua.

Sasa kampuni ina wafanyakazi 6 na mishahara ya miezi 4. Amejitokeza mwekezaji ambaye mtaji wake ungetuvusha mwaka na nusu. Masharti yake: kwanza, mimi niwe mtendaji mkuu wa kudumu, nisisafiri tena kwenda kupiga picha. Pili, maktaba yangu yote, picha kama 60,000, ihamishwe iwe mali ya kampuni, itumike kufunza akili mnemba ya kutambua picha za kughushi, "na kwa matumizi mengine ya baadaye ya kampuni." Mwenzangu anasema bila picha halisi nyingi mashine haifundishiki, na kwamba ninaleta hisia kwenye mambo ya hesabu. Tumeanza kusalimiana kwa kifupi.

Na kama hayo hayatoshi, wiki iliyopita mhariri wangu wa zamani amenipigia. Anataka niende kazini wiki 6, mahali pabaya. Shangazi, kabla sijajibu mwili wangu ulikuwa umesharuka. Nikatoa begi juu ya kabati. Lenzi yangu ya milimita 35 imeota kuvu, nyuzi nyeupe kama za buibui pembeni mwa kioo. Nililia kuliko nilivyolia kwenye mazishi fulani.

Mume wangu anasema niamue mwenyewe, naye atanishika mkono. Binti alipewa fomu shuleni, sehemu ya kazi ya mzazi akaandika "mpigapicha", akakata, akaandika "kompyuta". Nimeiona fomu ile mpaka leo haijanitoka.

Je, nimeuza kazi yangu? Nisaini au nirudi kwenye kamera? Na bibi yule nimwambie nini, hata kama hasikii?

Jicho Moja

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Umeniuliza urudi kwenye kamera au usaini, kana kwamba ni mlango mmoja wenye pande mbili. Mimi naona milango miwili. Mmoja ni wako: utaamkia kazi gani. Wa pili ni wa watu waliokaa mbele ya lenzi yako kwa miaka 17, na huo mwekezaji ameufunga kamba moja na wa kwanza ili uvute yote kwa pamoja. Tuifungue kwanza hiyo kamba.

Nianze na neno lako "nimeuza kazi yangu", maana ndilo linalokunyima usingizi na mimi silioni lilikotoka. Mwaka 1947 wapigapicha Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, David Seymour na George Rodger waliunda shirika la picha la Magnum. Ilikuwa nini kama si kampuni? Waliianzisha kama ushirika ili picha zibaki mali ya aliyezipiga, zisiishie mikononi mwa majarida. Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya, alianzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963, akiwa na miaka 20 au hajaifikisha, na hakuwahi kuiweka kamera chini kwa sababu ana ofisi. Ndiye aliyepiga zile picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, na bado akarudi kazini kwa mkono wa bandia. Alikuwa mfanyabiashara, tena hodari. Basi kuwa na kampuni hakukuondoi kwenye ukoo wa wapigapicha. Fomu ya mtoto ilikuwa na mstari mmoja tu, na yeye akajibana.

Kuna tofauti moja hata hivyo, nami sitaificha. Wale waliuza macho yao. Wewe unaombwa uhamishe nyuso za wengine.

Hapa ndipo nataka tukae. Unasema "maktaba yangu". Ni yako yote? Bibi ulimwambia picha inakwenda gazetini. Kumbe ulikuwa bado mwajiriwa siku ile. Katika nchi nyingi, picha aliyoipiga mwajiriwa akiwa kazini ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine. Inawezekana zaidi ya nusu ya miaka yako 17, pamoja na hiyo picha inayokuliza, huna mamlaka ya kuigawa hata ukitaka. Zile za miaka 8 ya kujitegemea nazo zina mikataba yake na mashirika uliyoyauzia, mingine huenda iliwapa haki ya peke yao. Kabla hujalala ukijiuliza kama ni halali kuzitoa, tafuta makaratasi ujue ni zipi zilizo zako. Ukisaini kwamba unahamisha picha 60,000 halafu mwajiri wako wa zamani akajitokeza na mkataba, utakayeshtakiwa ni wewe. Mwekezaji atakuwa amekaa pembeni na karatasi uliyomhakikishia.

Na hata zile zilizo zako kwa sheria, hakimiliki inakupa haki juu ya picha. Ruhusa ya mtu aliye ndani yake ni jambo jingine. Bibi aliruhusu habari. Kuhusu mashine hakuulizwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya data binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, inauweka uso unaotumiwa kumtambua mtu kwenye kundi la data nyeti, kwa hiyo mkitaka wateja huko swali hili mtakutana nalo mezani, lisiwe la moyo wako peke yako. Mwaka 2023 Getty Images, wauzaji wa picha, waliishtaki Stability AI, kampuni ya akili mnemba, Uingereza na Marekani, wakidai picha zao zimetumika kufunza mashine bila idhini. Getty wana mawakili wa kuwasemea. Mwenye godoro lililolowa hana wa kumsemea ila wewe.

Sasa nikuguse panapouma kidogo, usinikasirikie. Unaongea kana kwamba ahadi kwa bibi ilikuwa nzima mpaka mwekezaji alipofika. Lakini picha ya habari ikishatoka huuzwa, hurudiwa, huwekwa kwenye hifadhi, hupachikwa kwenye makala ambazo hukuzisoma. "Watu wenye moyo" hukuweza kuwachagua hata siku ile. Ulimpa bibi jibu la kibinadamu asubuhi ya msiba, na mimi ningesema hivyo hivyo. Ila kama ahadi ilikuwa na nyufa tangu mwanzo, usiutumie usafi wake kumhukumu mwenzako. Swali lenye haki zaidi ni hili: ufa unaoombwa kuuongeza ni wa aina ile ile, au ni mkubwa kuliko yote? Mimi nadhani maneno ya kuogopa hayapo kwenye sehemu ya kutambua picha za kughushi. Yapo kwenye mkia: "matumizi mengine ya baadaye ya kampuni." Mkia huo unaweza kubeba chochote. Kutambua watu kwa sura. Kutengeneza nyuso za bandia kutoka kwenye nyuso za kweli. Mashine ikishafunzwa, kuitoa picha moja iliyokwisha kuingia si kama kung'oa ukurasa.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wa kampuni changa hawapendi kulitaja mapema. Kampuni nyingi za namna yenu hazifiki mbali. Ikianguka, mali zake huuzwa kulipa madeni, na maktaba yako itakuwa mojawapo, pamoja na meza na viti. Atakayeinunua humjui. Ndiyo maana kuhamisha na kukodisha si kitu kimoja. Unaweza kubaki mwenye mali ukaipa kampuni leseni: kwa kazi hii tu, kwa muda huu, picha za watoto na za waliojeruhiwa zikiwa nje, leseni ife siku kampuni inapouzwa au kufilisika. Unaweza pia kuanza na picha zisizo na nyuso. Nina hakika katika 60,000 kuna anga, barabara, moshi, maji, umati kwa mbali, na kwa kazi ya kutambua ughushi hizo nazo zina la kufundisha. Mwenzako atajua zinatosha au hazitoshi. Muulize hivyo, kwa namba, maana ndiyo lugha aliyoichagua. Huenda ukakuta hakutaka nyuso. Alitaka wingi, akachukua njia ya karibu kwa sababu yeye ndiye anayehesabu ile miezi 4 kila asubuhi.

Hatari ya njia hii nikuambie wazi. Mwekezaji anaweza kusema hapana akaondoka, na watu 6 wakabaki na mishahara inayokwisha. Wana kodi na watoto kama wewe. Siwezi kukuambia nyuso za watu zina uzito kuliko chakula cha watu, wala kinyume chake. Lakini unayo hoja moja ya kumpelekea ambayo ni ya biashara, si ya machozi. Mwaka 2006 shirika la Reuters liliondoa picha zote 920 za mpigapicha mmoja wa kujitegemea baada ya kubainika kwamba moshi wa Beirut kwenye picha yake ulinakiliwa kwa kompyuta. Picha mbaya zilikuwa mbili. Zilizotupwa ni zote, kwa sababu kilichoharibika ni imani. Kampuni yenu inauza hicho hicho, imani. Siku mwandishi mmoja atakapogundua kwamba imejengwa juu ya nyuso za wakimbizi ambao hawakuulizwa, mtauza nini tena? Mwekezaji mwenye akili atalisikia hilo. Asipolisikia, nalo ni jibu, na ni afadhali ulipate kabla ya saini kuliko baada.

Kuna kitu kingine kilinigonga nikisoma. Unasema programu ilizaliwa ili yaliyompata bibi yasirudie. Nikajiuliza: saini ingemwokoa? Picha yake ilikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa kwenye maelezo ya chini. Saini ingeeleza ilipigwa wapi na lini, sawa, lakini aliyeisambaza angeweza kupiga picha ya skrini na saini ikabaki nyuma. Sisemi kazi yenu ni bure. Mhariri anayetaka kuhakiki angepata pa kuanzia, na wewe usingekuwa peke yako na daftari. Nasema tu kwamba huenda umeibebesha kampuni deni ambalo haliwezi kulilipa lote, na ukiona hailipi, unaona umemsaliti. Punguza mzigo huo kwanza, ndipo uone unabaki ukiipenda kazi kiasi gani.

Kuhusu kazi ya mtendaji mkuu nitasema kwa ufupi, kwa sababu nahisi jibu unalo. Mwanzilishi si lazima awe mtendaji mkuu. Wengine huajiri mtu wa kuendesha, wao wakashika upande wa bidhaa na wateja. Gharama yake ni kwamba unampa mtu mwingine usukani, na bodi ikishakuwa na sauti kubwa kuliko yako hata wewe unaweza kuondolewa kwenye kampuni yako. Mwombe mwanasheria wako akuonyeshe kwa kidole, kwenye karatasi, ni mstari upi unaoruhusu hilo. Na neno "usisafiri tena" uliza limetoka wapi. Kama ni bima na hofu ya kukupoteza, linajadilika. Kama ni hamu ya kukumiliki, utaijua kwa jinsi atakavyojibu.

Sasa simu ya mhariri. Mwili uliruka, nakuamini. Nataka ujue uliruka kuelekea wapi. Kuna kuruka kwa mtu anayeitwa na kazi, na kuna kuruka kwa mtu anayekimbia kikao. Miaka 17 ya mafuriko na vita huacha vitu mwilini ambavyo havionyeshi sura yake mpaka mtu anapokaa chini, na wewe umekaa chini kwa mara ya kwanza miaka hii 3. Ulililia lenzi kuliko ulivyolia kwenye mazishi. Mazishi ya nani, hukusema, nami sikulazimishi. Lakini kabla ya wiki 6 za mahali pabaya, tafuta mtu aliyesomea mambo ya kiwewe, hasa aliyezoea waandishi, ukae naye hata mara mbili. Ukienda ukiwa umejua unachokwenda nacho, ni safari. Nachelea ile nyingine.

Kwenda pia kuna bei yake ya kalenda: wiki 6 kati ya miezi 4, mwenzako peke yake na mwekezaji mezani. Inawezekana kama mtaahirisha saini kwa maandishi. Haiwezekani kama utaondoka mmenuniana. Na kuacha kampuni kabisa ukarudi kwenye picha, hiyo nayo ni njia, ila soko uliloliacha ndilo lile lililowatoa wale 28, tena limezidi kubana. Unalijua kuliko mimi.

Mume wako anasema uamue mwenyewe. Ni heshima, lakini naona kama imekuacha peke yako. Mwambie hutaki kura yake, unataka akusikilize saa nzima bila kukupa suluhisho. Binti naye muulize kwa nini alikata lile neno. Huenda ni nafasi tu ilikuwa ndogo.

Na bibi. Una jina lake kwenye daftari na unajua kijiji kilikuwa wapi. Umeuliza umwambie nini hata kama hasikii, lakini sijaona mahali uliposema amefariki. Ulishawahi kurudi? Kama yupo, au kama wapo watoto wake, pengine wewe si wa kumwambia kitu. Mpelekee picha iliyochapwa, mweleze uongo uliosambazwa, mweleze mashine kwa maneno ya kawaida, umsikilize. Ni safari ya siku chache, na haimhitaji mhariri wala bodi. Anaweza kukataa, na ukishamuuliza utalazimika kulichukua jibu lake. Hilo lifikirie kabla hujafunga safari.

Niandikie baada ya kuongea na mwenzako, na uniambie mikataba ya gazeti ilisemaje. Lenzi ipeleke kwa fundi wiki hii hii, utakavyoamua vyovyote vile. Kuvu ikikaa muda mrefu hula kioo chenyewe, na hapo hakuna wa kuisafisha.